Sikio la Sungura

Mwalimu wa chekechea alikuwa amelia mpaka machozi yakamkaukia mashavuni, na mpelelezi hakumpa hata kitambaa cha kujifutia.

"Rudia," alimwambia.

"Afande, nimeshaeleza jana, nimeeleza na leo asubuhi..."

"Rudia."

Mpelelezi huyu mwanamke, wenzake kituoni walimbandika jina la Koleo, kwa sababu akishakibana kitu hakiachi mpaka king'oke. Alikuwa ameketi juu ya kiti kidogo cha mtoto, magoti yakiwa karibu na kidevu, na bado alionekana mrefu kuliko mwalimu aliyesimama. Ukutani nyuma yao kulining'inia picha za vipepeo zilizopakwa rangi na vidole. Jina la mtoto aliyechora kipepeo wa njano lilikuwa Kidoti. Mtoto huyo wa miaka minne hakuwa ameonekana tangu jana mchana.

Mwalimu akaanza upya. Alikuja mwanamke kumchukua Kidoti, watoto wengine wakiwa bado wanavaa viatu. Alijifunga mtandio, akavaa barakoa, akasema ana mafua na hataki kuambukiza watoto wa watu. Alijitambulisha kuwa ni mama mdogo wa mtoto. Alikuwa na kadi. Pale chekechea kila mzazi hupewa kadi yenye picha ya mtoto na namba. Bila kadi mtoto hatoki.

"Ukailinganisha namba?"

"Nililinganisha, Afande. Ilikuwa yenyewe."

"Na uso wake?"

"Barakoa..."

"Kwa hiyo ulikagua karatasi, mtu ukamwacha apite."

Mwalimu akainama. Kisha akauinua uso ghafla, kama mtu aliyepata pa kushika. "Lakini mtoto alimkimbilia mwenyewe! Alimwona sungura wake mikononi mwa yule mwanamke, akapiga kelele, 'Sungura wangu!' Sasa mimi nilijua yule sungura alipotea. Niliona mtandaoni, kwenye ukurasa wa mama yake, aliandika kwamba mtoto hali wala halali. Nikasema moyoni, afadhali kapatikana. Mgeni angempata wapi sungura wa mtoto, Afande?"

Hilo lilikuwa swali zuri, na Koleo alikwenda nalo ofisini kwa mwalimu mkuu, mahali ilipokuwa kompyuta ya kamera ya langoni. Aliirudisha mbele na nyuma ile picha mpaka mwalimu mkuu akaanza kutazama saa. Mwanamke alionekana kwa mgongo. Mtoto alionekana vizuri, amebebwa, kidevu kimelala juu ya bega la kushoto la yule mwizi, anacheka. Mkononi alimshika sungura wa kitambaa wa kijivu. Sikio lake la kulia lilikuwa limechanika na kushonwa kwa uzi wa kijani.

Koleo aliipiga picha kwa simu yake akaondoka bila kuaga.

*

Mama Kidoti alikuwa amejipaka poda kabla mpelelezi hajafika. Sebuleni kwake kona moja ilikuwa na pazia jeupe, taa ya duara juu ya miguu mitatu, na kapu la nguo za watoto zilizopigwa pasi. Kona nyingine tatu zilikuwa na vurugu la kawaida la nyumba yenye watoto wawili. Mdogo wake Kidoti, kichanga mnene waliyemwita Bonge, alikuwa analia chumbani, na dada wa kazi anambembeleza.

"Baba yake mmeshambana?" mama akauliza hata kabla ya salamu. "Kasema kampeleka wapi?"

"Bado."

"Mbaneni vizuri. Mwezi uliopita alinitishia kwa mdomo wake, akasema iko siku atawachukua wanawe. Ushahidi gani tena mnautaka?"

Baba Kidoti aliishi kwake, na watoto aliwaona Jumapili. Sajini alimkamata jana gereji, mbele ya wateja wake, na walipofika kituoni mdomo wake wa chini ulikuwa umepasuka. Aligonga mlango wa gari, ndivyo Sajini alivyoandika.

"Alisema atawachukua kwa sababu gani?"

"Picha. Ugomvi wetu wote ni picha. Eti naanika watoto kama nguo." Mama akaifungua simu akamwelekezea. "Tazama mwenyewe. Kuna ubaya gani hapa?"

Koleo akaipokea. Ukurasa huo ulifuatwa na watu wengi kuliko wakazi wa mji mdogo. Kidoti anakula uji. Kidoti amelala mdomo wazi. Kidoti anapigwa sindano, analia. Kidoti bafuni na povu kichwani. Chini ya kila picha, mama alieleza: mwanangu anaogopa paka, mwanangu halali bila kukunwa mgongo, mwanangu ukimbeba upande wa kulia anagoma, anataka kushoto. Kidoti siku ya kwanza ya chekechea, sare mpya, kadi shingoni. Koleo akaikuza picha hiyo kwa vidole viwili. Namba ilisomeka yote.

Akaendelea mpaka akamfikia sungura. "Sungura wetu kapotea. Naombeni mtuombee, mtoto hali wala halali." Picha ilimwonyesha mtoto akiwa bado naye siku za furaha, amemkumbatia, sikio la kulia limeshonwa uzi wa kijani.

"Kitanda cha mtoto kiko wapi?"

Chumba cha watoto kilinuka mafuta ya mgando na maziwa. Dada wa kazi alisogea pembeni na Bonge wake begani. Juu ya kitanda kidogo, amefunikwa shuka mpaka shingoni, alilala sungura wa kitambaa wa kijivu.

Koleo akamchukua. "Huyu kapatikana lini?"

Aliyejibu ni dada wa kazi. "Jioni ile ile, Afande. Alikuwa nyuma ya kabati."

"Jioni ile ile uliyoandika kwamba kapotea?"

"Ndiyo," mama akasema.

"Mbona hukuandika kwamba kapatikana?"

"Watu... watu walikuwa bado wanaandika maoni. Walikuwa wengi. Kuna dada mmoja alimtungia mtoto dua ndefu. Ningeanzaje kuwaambia kaonekana baada ya nusu saa?"

Koleo alimgeuza yule sungura. Uzi wa kijani ulikuwa kwenye sikio la kushoto. Aliligusa. Akamweka sungura kando ya simu, akatazama huyu, akatazama yule wa kwenye picha, kisha akaisoma fulana ya mtoto pichani. Maandishi yalikuwa yamegeuka, yanaanzia mwisho.

"Hii uliipiga kwa kamera ya mbele?"

"Anapenda kujiona. Bila hivyo hatulii."

"Kamera yako ya mbele inageuza. Kulia inakuwa kushoto." Koleo akaketi juu ya kitanda cha mtoto, springi zikalia. "Sasa nisikilize, mama, maana sitarudia. Mwanamke aliyemchukua mwanao alishona sungura wake mwenyewe, akampasua sikio, akalitia uzi wa kijani. Sikio la kulia. Baba yake mtoto anamjua huyu sungura. Dada wa kazi ndiye anayemfua. Hao wangeshona la kushoto. Tena wasingehangaika kushona, kwa sababu wanajua sungura hajapotea. Anayeamini kapotea, na anayeamini sikio ni la kulia, ni mtu ambaye hajawahi kukanyaga humu ndani."

Mama alimchukua sungura, akalishika sikio lenye uzi.

"Alimbeba upande wa kushoto. Nimeona kwenye kamera. Nani alimwambia abebwe kushoto?"

"Sikumwambia mtu!"

"Na kadi? Namba ya kadi ulimpa nani?"

Mama alimwangalia mpelelezi, akaiangalia simu, na poda yote usoni ikaanza kuteremka kwa mistari miwili. Koleo alingoja mistari hiyo ifike kidevuni. Kisha akapiga simu kituoni.

"Sajini, mwachie baba mtu."

"Sasa hivi, Afande? Na ule mdomo wake?"

"Si aligonga mlango? Kama mlango una pole ya kumpa, umpe."

Akakata. "Swali la mwisho. Kuna mtu aliwahi kukuonya kuhusu picha hizi? Mbali na baba yao."

Mama alijifuta kwa kiganja. Mwaka jana, akasema, mfuasi mmoja alimwandikia kwamba kuna ukurasa mwingine unaweka picha za Kidoti, na humo mtoto anaitwa Tunu.

"Ukafanya nini?"

"Nikacheka. Niliona ni sifa. Mtu haibi kitu kibaya."

*

Ukurasa wa Tunu waliupata kabla Koleo hajamaliza chai yake. Picha zilikuwa zile zile, kwa mpangilio ule ule, ila zimekatwa. Palipokuwa na mama hapakuwa na mama. Palipokuwa na Bonge pamebaki kimkono kimoja pembeni, au kisigino. Wafuasi hawakuzidi watu wa meza moja, na aliyeandika maoni alikuwa mmoja tu, mwanamume. Aliandika chini ya kila picha, bila kuruka hata moja. *Mke wangu, kile kikohozi mbona hakimwachi? Mwambie baba anamnunulia viatu vyekundu. Leo nimewaonyesha wenzangu kazini, wote wanasema kafanana na mimi pua.*

Picha ya mwisho iliwekwa wiki ile. *Baba Tunu anakuja likizo, mtoto halali kwa furaha.* Chini yake, mume aliuliza nyumba mpya aliyopanga mkewe iko wapi hasa, na mke akamwelekeza mbele ya macho ya dunia nzima: nyuma ya kiwanda cha magodoro, lango la bluu, ghorofa ya pili, mlango wenye ndoo za maua.

"Huyu naye," Sajini akasema, akichukua ufunguo wa gari. "Wote wamesoma shule moja."

Mlango wenye ndoo za maua ulifunguliwa na mwanamume mpana wa kifua, mikono imejaa makovu madogo madogo ya cheche. Fundi wa kuchomelea. Alitabasamu kwa mtu asiyemjua.

"Karibuni, karibuni! Majirani? Mmekuja kumwona mgeni?"

"Tumekuja kumwona mtoto," Koleo akasema. Alivaa kiraia. Sajini, mwenye sare, alibaki ngazini.

"Ndiye huyo."

Kidoti alikuwa sakafuni, viatu vyekundu vipya miguuni, sungura kwapani. Macho yalikuwa yamevimba. Sahani ya chakula iliyopoa ilikuwa mbele yake, haijaguswa.

"Ananigomea, mama yangu," fundi akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba anamwomba shauri mtu mzima. "Usiku kucha anasema anamtaka mama. Na mama huyo hapo jikoni! Mke wangu anasema ni aibu tu, hajanizoea. Nilimwacha tumboni. Miaka minne niko huko ng'ambo kwenye mabomba ya mafuta, sijawahi kumshika. Labda ndiyo malipo yangu."

Mke alitokea kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi. Alimwangalia Koleo usoni, kisha kwa juu ya bega lake akaviona viatu vya Sajini kwenye ngazi. Mwiko ukashuka taratibu. Koleo hakumkamata. Kwanza alitaka kujua kama huyu mwanamume ni mwizi au ni mtu aliyeibiwa, na njia ya kujua ilikuwa moja.

"Una picha zake?"

Fundi alicheka kwa raha. "Nisiwe nazo!" Akamkalisha mpelelezi kwenye kochi, akakaa karibu, akaanza kumfungulia. Jino la kwanza. Surua. "Hii ndiyo siku aliyosimama mwenyewe. Nilikuwa juu ya tangi, simu ikalia, nikatazama, nikalia mpaka kioo cha kuchomelea kikafanya ukungu. Msimamizi akadhani nimeungua."

Kule mlangoni mke alisema, "Mume wangu, wageni hawajapewa hata maji."

"Subiri kwanza. Tazama hii, hapa anacheka na nani sijui."

"Huu mkono ni wa nani?" Koleo akauliza.

"Upi? Ah, huo. Wa mtoto wa jirani."

"Yumo na humu. Kisigino hiki."

"Huyo huyo." Fundi akapitisha picha nyingine, na nyingine. Kidole chake kikaanza kwenda polepole. "Huyu mtoto wa jirani... amekaa sana kwetu."

Koleo akaitoa simu yake, akaiweka juu ya goti la yule mwanamume, kando ya ile yake. Picha ni ile ile, mtoto anacheka, fulana ile ile. Lakini hii ilikuwa nzima. Kimkono kilikuwa na mwenyewe, kichanga mnene, na nyuma yao alichuchumaa mwanamke aliyejipaka poda.

"Huyu mama ni nani?" fundi akauliza.

"Mama yake."

"Mama yake nani?"

Kidoti alikuwa ameinuka sakafuni, amekuja na viatu vyake vyekundu, akaiona simu. Akaweka kiganja kizima juu ya kioo.

"Mama," akasema. "Mama yangu huyu."

Fundi hakupiga kelele. Alimgeukia mkewe kwa kichwa tu, mwili ukabaki pale pale.

"Ungerudi ukute nini?" mke akasema. Sauti ilikuwa kavu, ya mtu aliyejisemea maneno hayo siku nyingi. "Kila ukipiga simu, mtoto hajambo, mtoto kala nini, navumilia huku kwa ajili ya mtoto. Mimi hukuniuliza hata kama nimelala. Ningekwambia hayupo, ungerudi?"

"Hayupo?"

"Ilikuwa likizo tu. Mwezi mmoja. Wangempata langoni kwao, sikuwa na nia ya kumdhuru."

"Na mumeo?" Koleo akauliza. "Likizo nyingine angekuja, ungemwonyesha nini?"

Mke aliuweka mwiko juu ya meza, akajifuta mikono kwenye kanga yake.

"Ningemwambia amekufa."

*

Kituoni, korido ya mbele ilikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana, na Koleo aliwakalisha wote humo kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. Mama Kidoti alimkumbatia mwanawe mpaka mtoto akalalamika anaumia. Baba Kidoti alisimama kando yao, hakugusa mtu. Kidoti ndiye aliyemtazama juu.

"Baba, mdomo umefanya nini?"

Baba akamwangalia Sajini. Sajini akaangalia kalenda ukutani.

"Nilijigonga mlangoni, mwanangu," baba akasema, akamchukua mtoto kutoka mikononi mwa mama yake, akambeba. Mama hakumzuia.

Mama aligeukia benchi la pili. Mke wa fundi alikuwa na pingu, kichwa ukutani. Fundi alikaa mwisho mwingine wa benchi, simu yake imelazwa juu ya mapaja.

"Nataka zifutwe," mama akasema. "Zote alizonazo huyo. Mbele yangu."

"Simu ni kielelezo," Koleo akasema. "Inabaki kwetu."

"Akirudishiwa je?"

"Kesi ikiisha, zitafutwa."

Fundi aliinua uso. "Mama," akamwambia yule mwanamke, ingawa kwa umri angekuwa dada yake mdogo. "Sina neno. Mtoto ni wako. Naomba moja tu. Ile ya kusimama."

"Moja ya nini? Wewe ni nani kwangu?"

"Nakuomba."

"Mke wako kaniibia mtoto, na wewe unaniomba picha? Unajua nimelalaje jana?"

"Najua. Nilikuwa naye. Alikulilia usiku kucha, na mimi nikamwambia anyamaze, mama yake si yupo."

Baba Kidoti alisema taratibu, "Iko kwenye ukurasa wako. Kila mtu anaiona. Na yeye akitaka..."

Alikusudia kumpoza. Lakini mama alikuwa ameshaitoa simu. Alibonyeza, akabonyeza tena ilipomuuliza kama ana hakika, na miaka yote minne ya uji na povu na sindano ikaondoka. Akaigeuza simu amwonyeshe fundi kioo kitupu.

"Haya," akasema. "Sasa hakuna aliye nazo."

Waliondoka, baba na mtoto mbele, mama nyuma. Mtoto hakugeuka. Viatu vyekundu vilikuwa vimebaki chini ya benchi. Mama alimvua kabla ya kutoka.

Koleo aliitia simu ya fundi katika mfuko wa nailoni akaufunga. Sajini alivuta kiti, akaweka karatasi juu ya ubao, akaanza kuchukua maelezo. Jina, umri, kazi. Fundi alijibu vizuri, kwa sauti ya kusikika.

"Uhusiano wako na mtoto aliyeibwa?"

Fundi akamgeukia mkewe kwa mara ya kwanza tangu watoke nyumbani.

"Yule wangu," akasema. "Alikuwa mtoto gani?"

Mke alifumba macho.

"Nakuuliza."

"Wa kiume."

"Alitoka mzima?"

"Alilia kidogo."

"Ukampa jina?"

Mke akatikisa kichwa. Pingu zikagonga ubao wa benchi. Koleo, aliyekuwa amesimama na mfuko wa nailoni mkononi, aliona mikono ya yule mwanamume yenye makovu ya cheche ikijikunja taratibu juu ya mapaja, kama mtu anayepokea kitu kidogo sana anachoogopa kukiangusha. Ikakaa hivyo. Sajini alikohoa, akaigonga kalamu kwenye ubao.

"Uhusiano, mzee. Niandike nini?"

Fundi aliifungua mikono, akaitazama ndani.

"Andika hakuna."

Sajini akaandika.